Kijitabu cha mechi ya 1955 kwenye sanduku la babu

Dada, pole kwa msiba. Hicho kijitabu cha mechi ya raga kati ya Lions (timu teule ya Uingereza na Ireland) na Afrika Mashariki, Nairobi 1955, ulichokikuta kwenye sanduku la marehemu babu, usikiuze wiki hii, hata kama mnunuzi anakupigia kila siku. Na usikipeleke laminesheni! Plastiki ikishashika karatasi haibanduki.

Piga picha kila ukurasa, hata jalada la nyuma. Kisha kilaze kwenye bahasha isiyo na asidi, mbali na jua na unyevu. Selotepu, hapana.

Kama kina saini za wachezaji, ziangalie kwa lenzi: wino wa kalamu hukolea mahali na kufifia mahali, lakini saini ya kuchapwa ina weusi uleule mwanzo hadi mwisho. Kikosi kile cha Lions kilikuwa na wachezaji mashuhuri kama Cliff Morgan na Tony O'Reilly, na saini zao huenda zina thamani, kwa hiyo tafuta mtathmini ambaye si mnunuzi.

Ila mimi ningeanza na nyanya yako. Mwaka ule Kenya ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na raga ilikuwa mchezo wa Wazungu. Babu alifikaje pale? Alikuwa akikata nyasi? Dereva? Mpishi? Mpe nyanya kijitabu akishike mwenyewe, umrekodi kwa simu. Mimi nilichelewa kumuuliza baba kuhusu medali yake, na hadi leo inaniuma.

Ukiona maandishi ya penseli pembeni, usiyafute. Huenda ni mkono wa babu. Ukishapata tarehe, nenda Nyaraka za Taifa, Nairobi, uulizie magazeti ya wiki hiyo.