Muulize Fundi wa Bunduki: Baruti ya 375 na jua la kwetu

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Nyegezi, Mwanza, ila huu ni mwaka wa pili nafanya kazi kwenye shamba la uwindaji huko Limpopo, Afrika Kusini. Bosi wangu hujaza risasi mwenyewe, ana leseni na vifaa vyote, na amekubali kunifundisha kwa bunduki yake ya 375 H&H Magnum, kichwa cha risasi cha greni 300. Kabatini kwake kuna makopo kama kumi ya baruti, kila moja na nambari yake, nami sijui nianzie lipi. Halafu bunduki ile inapiga bega vibaya mno. Nikipunguza baruti wakati najifunza, kuna ubaya? Na kaka yangu yuko Geita, ana mizani ya kupimia dhahabu, anasema atanitumia. Itafaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umekulia Nyegezi, kwa hiyo umeshaona wavuvi wakishusha mtumbwi mzito kutoka mchangani. Hakuna anayeurukia kwa kishindo. Wanauwekea mabega, wanasukuma, unaanza kutambaa, nao wanaendelea kusukuma hadi maji yaupokee. Kichwa chako cha greni 300 ndio huo mtumbwi: kina uzito wa gramu 19 na ushee. Baruti inayoungua haraka inamaliza gesi yake karibu yote kichwa kikiwa ndiyo kwanza kinaondoka. Presha inaruka juu kwenye chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki, na kichwa kikifika katikati ya mtutu hakuna tena cha kukisukuma. Baruti ya polepole inakisindikiza njia nzima. Ndiyo maana ganda la magnum ni kubwa: limetengenezwa kubeba baruti nyingi ya polepole.

Sasa usikimbilie iliyo ya polepole kuliko zote. Hiyo ganda litajaa kabla hujafikia mwendo unaotakiwa, na nyingine itatokea mdomoni mwa mtutu haijaungua. Kwa 375 yenye kichwa hicho, zinazofaa ziko katikati: kundi la baruti zenye nambari 4350, na zile zilizo haraka kidogo kuliko hiyo, kama Varget na Reloder 15. Mimi ningeanza na H4350. Reloder 15 inaweza kukupa mwendo mkubwa zaidi kidogo, sibishi. Lakini H4350 inajaza ganda hadi karibu na shingo, na mwanafunzi akisahau akamimina mara mbili, baruti itamwagika mezani aione. Hiyo peke yake inanitosha. Kama bosi wako anatumia baruti za hukohuko za Somchem, muulize kuhusu S365.

Kuhusu hizo nambari, tafadhali nisikilize kwa makini. Kwa Somchem, ukitoka S335 kwenda S365 hadi S385, unakwenda kwenye upole zaidi. Ukichukua kanuni hiyo ukaipeleka kwenye makopo ya Kimarekani utajiumiza, kwa sababu 4895 ni nambari kubwa kuliko 4350 na bado inaungua haraka zaidi. Na kuna H4831 na IMR 4831: tarakimu zilezile, makopo tofauti, na ya IMR ina haraka zaidi. Mtu akisoma kipimo cha H akamimina ya IMR, amezidisha presha bila kujua. Soma jina lote lililo kwenye kopo, herufi na tarakimu, kisha fungua kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyohiyo. Kopo lisilo na lebo usiliguse, hata bosi akikwambia analijua.

Hapa nakuja kwenye jambo linaloniuma mimi binafsi, nalo ni joto. Msimu mmoja nilikuwa kwenye pori la akiba la Maswa na mgeni aliyetoka nchi ya theluji. Risasi zake alizijaza mwenyewe nyumbani wakati wa baridi, akazipima hukohuko kwenye baridi, na alikuwa amefika kikomo cha juu cha kitabu. Zilikaa juu ya dashibodi ya gari tangu alfajiri. Saa tisa alasiri tukampata nyati dume. Mgeni akapiga, nyati akajeruhiwa akasimama, na bolti, lile komeo linalofunga chemba, ikagoma kufunguka. Alivuta, akaipiga kwa kiganja, haikusogea. Mwenzangu ndiye aliyemmaliza yule nyati, akiwa hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Jioni tulipolitoa lile ganda, fataki yake, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, ilikuwa imelala bapa kama sarafu, na kwenye kitako kulikuwa na alama ya kung'aa pale shaba ilipokandamizwa kwenye tundu la bolti. Baruti ileile, kipimo kilekile, ila ilikuwa imeokwa juani mchana kutwa.

Wazee wa bunduki walilijua hili zamani. Baruti ya Waingereza ya siku zile, kodaiti, ilikuwa nyuzi ndefu kama tambi, na joto la nchi zetu liliipandisha presha. Holland & Holland walipoitoa 375 mwaka 1912, waliipa ganda refu lenye mteremko, linaloingia kirahisi na kutoka kirahisi hata siku ya jua kali. Urithi huo usiuharibu kwa kujaza hadi mwisho wa jedwali. Anza na kipimo cha chini cha kitabu, panda kidogokidogo, na kila hatua tazama fataki na usikie bolti inavyonyanyuka. Jaribu pia saa nane mchana, si asubuhi tu. H4350 na Varget zimetengenezwa zisiyumbe sana kwenye joto, na hiyo ni sababu yangu ya pili ya kuzipenda, lakini risasi za kopo lolote zikae kivulini.

Kupunguza baruti: hapana. Namaanisha kushuka chini ya kipimo cha chini cha kitabu. Baruti ya polepole ikiwa kidogo ndani ya ganda kubwa inalala chini, na moto wa fataki unapita juu yake badala ya kuipenya. Mara inachelewa kuwaka, mara kichwa kinakwama mtutuni, na kumetokea bunduki kupasuka kwa kipimo kidogo. Kujaza kupita kiasi nako kuna kisa chake. Risasi ya 458 Winchester ilipotoka mwaka 1956, ganda lake lilikuwa fupi, baruti ikashindiliwa, na baadhi ya risasi zilipokaa muda mrefu baruti ikagandamana, mwendo ukashuka. Wawindaji waligundua hilo mbele ya wanyama wakali. Ukitaka kupunguza maumivu ya bega, tumia kichwa cha greni 235 au 270 kwa vipimo vyake vilivyoandikwa kitabuni, piga ukiwa umesimama badala ya kukaa mezani, na usizidishe risasi sita kwa siku. Mazoezi mengine yafanyie kwenye bunduki ndogo ya 22.

Mizani ya kaka yako iache Geita. Gramu moja ni greni 15.43. Mizani inayoonyesha gramu kwa desimali moja inaweza kukuficha greni moja na nusu, na karibu na kikomo cha juu hiyo ni nyingi. Ya desimali tatu ingefaa, ikiwa ina mawe yake ya kuihakikishia, lakini bado ungekuwa unabadilisha gramu kuwa greni kichwani usiku umechoka. Tumia ya bosi, inayosoma greni, na uihakikishe kila unapoanza kazi.

Ukija likizo usibebe hata risasi moja mfukoni. Kuingiza risasi nchini kunataka kibali, na kuzitengeneza hapa bila leseni ni kosa.

Leo jioni, kabla hujamimina chochote, rudisha makopo yote kabatini ubaki na moja tu mezani. Ukishapiga zile tano za kwanza, nitumie picha ya vitako vya maganda, karibu na kwenye mwanga mzuri, nizione fataki.