Re: Nikiyeyusha alumini, chungu cha chuma hakitayeyuka nacho?

Mkuu hakiyeyuki, alumini inayeyuka nyuzi 660 tu wakati chuma ni mpaka kifike 1538, na mkaa ukiupulizia feni unavuka elfu moja ila huko kwa chuma hufiki kirahisi, we tafuta tu chungu kinene maana alumini ya moto inakila taratibu. Halafu alumini haiwi nyekundu kukupa ishara, unaiona ngumu vilevile mara ghafla imelegea, usije ukaishika ukidhani bado. Na nakuomba sana ndugu yangu, hayo masufuria chakavu yakaushe kwanza kabisa kabla hujaongezea chunguni, tone la maji likizama kwenye ule uji linageuka mvuke papo hapo na uji wote unakurukia usoni.