"Sista, bila kapsuli sibebi": majibu kwa walioumia kazini

*Nashusha saruji Tororo, Uganda. Mgongo ulikwenda miezi mitano iliyopita, na tangu hapo nameza tramadoli kila alfajiri ndipo nibebe. Nikikosa siku moja napata baridi, jasho, na tumbo kuendesha. Nimekuwa mlevi?* (Mbeba mizigo)

Ndugu yangu, usijiite jina hilo. Tramadoli ni dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, kama mofini. Ukiimeza kila siku mwili huizoea, na hayo unayoyapata ni mwili unaidai. Usiiache ghafla. Nenda kituo cha afya, sema kweli unameza kapsuli ngapi, upunguziwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Usiichanganye na pombe kali ya waragi, maana viwili hivyo pamoja huzima pumzi usingizini. Hata peke yake, ukizidisha, degedege laweza kukuangusha na mfuko begani.

Mwenzako mmoja aliwahi kunifungulia kiganja: kapsuli nne ndani ya kipande cha kaveera, yaani mfuko wa plastiki, alizonunua moja moja bila karatasi ya daktari. Alisimama amejipinda upande, huku akisema haumwi. Yale maumivu yalikuwa yanamwambia atue mzigo, naye alikuwa ameyaziba mdomo.

Katika jimbo la Washington, Marekani, watafiti waliwafuatilia wafanyakazi walioumia mgongo, wakatoa matokeo mwaka 2008. Waliopewa dawa za jamii hii kwa zaidi ya siku 7 katika wiki za mwanzo walikuwa na uwezekano wa kama mara mbili wa kuwa bado hawajiwezi kazini baada ya mwaka, hata ukubwa wa jeraha ulipozingatiwa. Hilo halithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyowalemaza, lakini kwangu latosha kuniogopesha. Tembea kila siku, usishinde kitandani, uliza hospitali kuhusu mazoezi ya viungo. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukigoma, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

*Mguu wangu ulivunjika kiwandani, ukaunga. Bado unauma, lakini wananinyima mofini, na jirani mwenye kansa anapewa bure. Ni haki?* (Fundi mitambo, Jinja)

Ni haki, mzee wangu, ingawa najua inauma kuisikia. Mofini ya maji ilianza kuwafikia wagonjwa wetu mwaka 1993, daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na maofisa wa kliniki waliosomea kazi hiyo kuiandika, ndiyo maana hata kijijini mgonjwa wa kansa anapata usingizi. Siku ile mfupa ulipovunjika, nawe ulistahili dawa kali. Lakini kwa maumivu ya miezi na miezi faida yake hupungua, na utegemezi unabaki. Rudi wakuchunguze kwa nini mguu bado unauma.

*Bosi ananinunulia dawa za maumivu, anasema nisipeleke habari popote kwa sababu kosa ni langu.* (Dada wa kiwandani, Namanve)

Dada, dawa hiyo isikufumbe mdomo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inakulinda hata kama ulizembea. Matibabu ya jeraha la kazini ni juu ya mwajiri. Mpe taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala, mwezi mmoja tangu uumie usiishe hujafanya hivyo, kisha nenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Anayelemaa kabisa kwa kudumu hukadiriwa fidia ya mishahara ya miezi 60, na ulemavu wa sehemu hupata asilimia yake. Tunza kila risiti na kila karatasi ya kliniki.

*Baba ametutoka, chupa yake ya mofini imebaki nusu. Kaka kavunjika mkono, nimpe?* (Busia)

Pole sana kwa msiba. Usimpe. Kipimo alichokizoea baba kinaweza kumzimia kaka pumzi. Mpeleke hospitali leo, funga kizibo vizuri, na chupa irudishe kwa waliompa baba.