Katibu, futa nusu ya hiyo ratiba ya Rozari kabla hujaipeleka kwa mwenyekiti

Salamu zitakuja baadaye. Hiyo ratiba usiichapishe, usiisambaze, na kama umeshaituma kwenye kundi la jumuiya, ifute sasa hivi kabla akina mama hawajaanza kuandika "Amina".

Kwa mliochelewa: katibu mpya wa jumuiya ndogondogo moja ya Kikatoliki huko Nkuhungu, Dodoma, anaandaa Rozari ya mwezi wa Oktoba, nyumba kwa nyumba, siku zote 31. Ameuliza mambo manne: nyumba zipangweje, sanamu ya Mama Maria ihamishwe vipi, watoto wapewe nafasi gani, na kama washone sare ya kitenge. Halafu akaweka mpango wa kila jioni: wimbo wa kuanzia, Rozari yenye wimbo mzima baada ya kila kumi (yaani Salamu Maria kumi), Litania ya Bikira Maria, Rozari ya Huruma ya Mungu, novena ya Mtakatifu Yuda Tadei, tafakari ya kila mmoja kwa zamu, maombi ya papo kwa papo, matangazo na mchango, wimbo wa kumalizia, chai. Kuanza saa 1:00 usiku. Muda wa kumaliza haukuandikwa.

Ndiyo, haukuandikwa. Watu wamekujibu kuhusu rangi ya kitenge na hakuna aliyeliona hilo.

Basi tupige hesabu. Rozari ya matendo matano, yaani matukio matano ya maisha ya Yesu na Maria yanayotafakariwa, kila moja na kumi lake, ina Salamu Maria 53, tatu za mwanzo na hamsini za makumi. Ikisaliwa na kundi, kiongozi akianza na wengine wakiitikia bila kukimbizana, Salamu Maria moja inachukua kama sekunde 15. Hapo una dakika 13 na kidogo. Baba Yetu ziko 6, kila moja sekunde 25, unapata dakika 2 na nusu. Nasadiki, Atukuzwe, "Ee Yesu wangu" na Salamu Malkia kwa pamoja weka dakika 3. Kutaja tendo, kusoma mstari mmoja au miwili ya Injili na kukaa kimya kidogo, dakika 1 kwa kila tendo, yaani 5. Jumla dakika 24. Ongeza Litania, dakika 5. Wimbo wa kuanzia na wa kumalizia, beti mbili mbili tu, dakika 6. Umefika dakika 35, na hiyo ni Rozari kamili, yenye heshima zote, isiyodaiwa kitu na mtu yeyote duniani wala mbinguni.

Sasa tuhesabu ya kwako. Nyimbo tano za katikati, dakika 15. Rozari ya Huruma, 8. Novena, 7. Tafakari ya kila mmoja: watu 20, kila mtu dakika moja na nusu (na tunamjua mzee wa kila jumuiya ambaye dakika moja na nusu kwake ni utangulizi), hiyo ni nusu saa. Maombi ya papo kwa papo 15, matangazo na mchango 10. Ukijumlisha na zile 35 unapata saa 2 kamili, na birika bado liko jikoni. Ukianza saa 1:00 kweli, unatoka saa 3:00. Lakini hakuna jumuiya inayoanza saa 1:00 kweli. Mtatoka saa 3:30 na usiku huo kuna watu wanaotakiwa kuwa kituoni alfajiri kwenda kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali.

Kinachofuata huwa ni kilekile kila mahali, na kwa mpangilio uleule. Wiki ya kwanza mnajaa hadi nje kwenye mikeka, mnapiga picha, paroko anasifia. Kabla wiki ya pili haijaisha wanaume wanapungua, kwanza wenye kazi za mbali, kisha waliokuwa wanakuja kwa sababu hao wengine wanakuja. Vijana wanafuata. Halafu mama mwenye mtoto mchanga, ambaye hawezi kukaa na mtoto kwenye upepo wa Oktoba hadi saa tatu. Ikifika tarehe 20 mna akina mama watano, mwenye nyumba, na wanawe wamelala wamekaa. Hapo wale watano wanaanza kusema watu wamepoa imani, na mwenyekiti anatoa tangazo la ukali, na tangazo la ukali ndilo linalowaondoa waliokuwa wanajiuliza kama warudi.

Hasara yenyewe haiishii Oktoba 31. Mtu akishazoea kukwepa Rozari ya jumuiya anaona aibu kurudi hata kwenye mkutano wa kawaida wa wiki. Januari unamkuta mlangoni kwa katibu anataka saini ya jumuiya kwa ajili ya ubatizo wa mtoto, na huyo katibu utakuwa wewe, na utaanza kumuuliza mbona haonekani. Haonekani kwa sababu ya ratiba uliyoiandika wewe.

Najua haukuibuni mwenyewe. Kuna mwezeshaji mmoja wa semina za sala amezunguka sana kwenye jumuiya za mji huu, jina nalihifadhi, anayefundisha kwamba Rozari fupi ni Rozari baridi, na kwamba kila kumi lisiposindikizwa na wimbo mzima shetani anapata upenyo. Upenyo! Shetani gani huyo anayesubiri kiitikio kiishe? Mtu anakuja, anakesha na ninyi usiku mmoja, anapewa nauli na asante, anaondoka. Jioni nyingine 30 hayupo. Angekuwepo tarehe 23, Jumanne au Jumatano, vumbi linazunguka uani na mshumaa umezimika mara ya nne, angefundisha kitu kingine. Na ile karatasi yake ya "mtiririko wa sala zenye nguvu" ndiyo hiyo naiona kwenye ratiba yako, hata mpangilio haukubadilishwa.

Kanisa lenyewe halijawahi kudai hayo. Papa Paulo VI aliandika mwaka 1974 kwamba Rozari bila tafakari ni mwili bila roho. Yohane Paulo II, mwaka 2002, alipotuongezea Matendo ya Mwanga, alihimiza Neno la Mungu lisomwe baada ya kutaja tendo na watu wakae kimya kidogo kabla ya Baba Yetu. Kimya ndicho kitu ambacho ratiba yako imekisahau kabisa. Una nyimbo saba na hauna hata nusu dakika ya kunyamaza. Na hata rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, inayotolewa kwa Rozari inayosaliwa kanisani, katika familia au katika jumuiya, kwa masharti yake ya kawaida (kitubio, komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, moyo usioshikamana na dhambi), inataka makumi matano mfululizo pamoja na kuyatafakari mafumbo, yaani yale matendo. Mfululizo. Mhazini akisimama baada ya kumi la tatu kukumbusha mchango wa ujenzi wa kigango, huo si mfululizo tena.

Kwa hiyo kanuni ni moja, iandike juu kabisa ya karatasi: kutoka Ishara ya Msalaba ya kwanza hadi ya mwisho, dakika 35. Chochote kinachotaka kuingia, kwanza kioneshe kinatoa nini.

Najua kuna watakaosema mimi ni mvivu wa sala. Sawa. Mvivu wa tarehe 31 aliyepo ni bora kuliko mchamungu wa tarehe 9 aliyetoweka.

Dakika 35 zenyewe zina utaratibu wake, zinaharibika kirahisi. Chagua watu watano mapema, kila mmoja aongoze kumi lake, na wajulishwe jana yake, siyo mnaanza kutazamana pale "mama fulani tusaidie". Anayeongoza ashike rozari mkononi. Wanaohesabu kwa vidole ndio wanaotupatia Salamu Maria 11 au 9, halafu watu wanasahihishana kwa macho na tendo limepotea. Kiongozi aishie kwenye "amebarikiwa" asubiri. Wanaoitikia waanze "Maria Mtakatifu" pamoja. Ugonjwa mkubwa ni kiongozi kudandia "Amina" ya wenzake ili aonekane ana ari. Akidandia, upande mmoja unakimbia, upande wa wazee unaburuta, na ndani ya makumi mawili mna kwaya mbili zinazogombana. Dawa ni kuketi karibu karibu na kushusha sauti. Spika ya nini uani kwa watu 20? Majirani zako ni Waanglikana na Waislamu, wana watoto wa shule, hawakuomba Litania kwa sauti ya mnada.

Matendo yafuate siku: Furaha Jumatatu na Jumamosi, Uchungu Jumanne na Ijumaa, Utukufu Jumatano na Jumapili, Mwanga Alhamisi. Aya za Injili ziandikwe kwenye karatasi moja kabla ya Oktoba, kwa sababu kutafuta "Luka sura ya ngapi" kwa tochi ya simu kunakula dakika tatu kila tendo. Litania mnayotumia iangalieni kama ina maombi matatu yaliyoongezwa na Papa Fransisko mwaka 2020, la Mama wa huruma, la Mama wa matumaini na la faraja ya wahamiaji. Vitabu vingi vya zamani havina. Ikipungua muda, Litania ndiyo ya kuachwa, si kimya.

Yale mengine hayatupwi, yanahamishwa. Rozari ya Huruma ina saa yake, saa 9:00 alasiri, kila mtu alipo. Novena ya Mtakatifu Yuda Tadei ni siku tisa, na sikukuu yake ni tarehe 28, kwa hiyo kwa desturi inaanza tarehe 19 na kuisha 27; haina sababu ya kusaliwa tangu tarehe mosi kama ulivyoiweka. Anayeitaka aisali nyumbani, na jumuiya itoe kumi moja la jioni hizo tisa kwa nia hiyo. Tafakari ya kila mmoja ni ya siku ya mkutano wa wiki, mnaposhirikishana Neno kwa zile hatua saba. Maombi ya papo kwa papo yageuke nia: kabla ya kuanza, katibu asome nia tano, moja kwa kila tendo, kila nia sentensi moja. Mgonjwa ni mgonjwa, hatuhitaji historia ya vipimo vyake. Matangazo yaende kwenye kundi la simu. Yasiyoenda huko hayakuwa na haraka.

Chai, hapana. Hili nalisema kwa herufi za kawaida lakini nalipigia kelele. Nyumba ya kwanza inatoa chai na karanga. Ya pili inaongeza maandazi. Ya tano kuna juisi ya ubuyu na chapati, ya nane kuna pilau, na mama wa nyumba ya tisa, anayeuza mboga sokoni, anatuma mtoto kusema amesafiri. Hajasafiri. Amefunga mlango, amekaa ndani bila taa. Tangaza mapema kwamba hakuna nyumba itakayotoa chochote isipokuwa maji ya kunywa, na anayetaka kukarimu apeleke kwa wagonjwa. Ukilegeza kwa nyumba moja tu, hata ya mwenyekiti, umelegeza kwa zote. Na ratiba ya nyumba usiipange kwa kufuata nani ana sebule kubwa. Uani panatosha, mvua za Dodoma bado hazijaanza Oktoba.

Sanamu: iwe moja, ibarikiwe na padre kabla, ihamishwe usiku uleule baada ya sala na watu wawili wa nyumba inayofuata, imefungwa kanga, ndani ya boksi. Ikiwa ya plasta vidole na pua ndivyo vinavyotangulia kukatika, kwa hiyo bodaboda hapana, labda kama Mama naye atapewa helmeti. Mshumaa uweke ndani ya chupa pana ya kioo au glasi ndefu, mbali na pazia, maana upepo wa huku hauheshimu vitu vilivyobarikiwa.

Kitenge waulize WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, mimi hata shati langu nachaguliwa.

Rudisha ratiba hapa ikiwa na mistari miwili mipya. Mmoja: kumaliza saa 1:35. Wa pili: jina la mtunza muda, mtu mwenye saa na asiyeogopa sura za watu, atakayeanzisha wimbo wa kumalizia hata kama kuna mkono umenyooshwa nyuma na mtu anasema "kabla hatujatawanyika, nina jambo dogo". Na huyo mtunza muda asiwe mwenyekiti. Mwenyekiti ndiye mwenye jambo dogo.