Re: Gari liko gereji ya bodi ya dila (muuza magari), kila nikipiga simu naambiwa "tunasubiri spea"

Pole sana mkuu. Umeuliza kama ulitoe hapo ulipeleke gereji ya mtaani, mi nasema usilitoe kwanza, maana kama bima yako ni kubwa (komprehensivu) na asesa (mkaguzi anayekadiria uharibifu) ashapita, ukilihamisha bila kuwaambia bima unaweza kujikuta unalipa mwenyewe. Acha kupiga simu mapokezi, yule dada hajui kitu zaidi ya anachoambiwa, nenda mwenyewe umwone supavaiza wa bodi na umwombe vitu viwili kwa maandishi: spea gani imeagizwa na imeagizwa lini. Hapo ndo utajua, kuna wakati spea haijaagizwa kabisa, kumbe wanasubiri bima waidhinishe makadirio na bima nao wanadhani kazi inaendelea, katikati mteja anateseka bure na hakuna hata mmoja wa kumpa taarifa, kitu ambacho kinaniuma sana kwa bei wanazochaji.

Bima wakizungusha, peleka malalamiko TIRA (mamlaka inayosimamia bima Tanzania), wanapokea.

Siku ya kulichukua nenda mchana, usikubali saa 12 jioni. Angalia rangi juani, hasa kama ni Toyota nyeupe yenye namba ya rangi 070, ile ni rangi ya lulu (pearl) inapigwa kwa hatua tatu, wakilipua kazi mlango unatofautiana na bodi. Pitisha kidole kwenye nafasi za milango na boneti, washa taa zote, na kama kuna kasoro usisaini fomu ya kupokea gari mpaka waiandike humo.