Kulala The Ark kule Aberdare: mambo ya kujua kabla hujalipa

Watu wananiuliza sana kuhusu The Ark, ile hoteli ndani ya mbuga ya Aberdare, Kenya, iliyojengwa kama safina ya Nuhu, ati inafaa pesa yake ama ni jina tu. Mimi nasema inafaa kabisa, lakini ujue unalipia kuona wanyama usiku, sio chumba. Vyumba wanaviita kabini na kweli ni vidogo vya meli, kitanda na bafu basi, kwa hivyo kama unataka rumu ya kujinyoosha tafuta kwingine.

Utamu wote uko kwa lile dimbwi na udongo wa chumvi hapo mbele, ule wanyama wanakuja kulamba. Taa zinawaka usiku kucha na wanyama wanajiletea wenyewe, ndovu, nyati, pongo, fisi, wewe umeketi tu dirishani na chai yako. Chumbani kuna kengele ya kukuamsha wakifika wanyama wa maana, na unaweza kuizima, lakini tafadhali usiizime! Wengi wanafika wamechoka na safari wanaizima mapema, asubuhi wanabaki kusimuliwa na wenzao. Afadhali usinzie kwa gari ukienda.

Pia shuka kile chumba cha chini kilicho usawa wa ardhi, wenye kamera wanakipenda sana. Pale niliona ndovu amepiga magoti anachimbua udongo kwa pembe, anauokota na mkonga anatia mdomoni, karibu hivi hadi unasikia akipumua, na nyati wamesimama kando wanangoja amalize, hakuna hata mmoja anathubutu kusogea. Zima flashi, na mnong'one, sauti inafika nje.

Baridi sasa. Huko ni zaidi ya mita 2,000 juu, hata kama Nairobi kuna jua beba jaketi nzito, soksi na kofia, maana deki ya nje saa nane usiku si mchezo.

Kawaida mnapokelewa Aberdare Country Club pale Mweiga, mnakula lanchi halafu basi linawapeleka ndani ya mbuga, kwa hivyo panga begi dogo la usiku mmoja, mizigo mingine inabaki. Uliza mapema kama bei uliyopewa iko na ada ya mbuga ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) ama hiyo unalipa kando. Na kama una watoto wadogo uliza umri wanaoruhusu kabla hujatuma pesa, kwa sababu wale wadogo sana hawachukuliwi.