Maswali ya Wasomaji: Betri za Vepu, Kuzichaji na Kuzibeba

Barua nyingi tulizopokea kuhusu sigara za kielektroniki, ambazo vijana wanaziita vepu, hazikuuliza habari ya mvuke wala ladha. Zimeuliza betri. Karibu zote zinazungumzia betri ya 18650, ile ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri hiyo hiyo imo ndani ya tochi, pawabenki na taa nyingi za sola, kwa hiyo hata asiyevuta majibu haya yanamhusu.

Wahariri, salaam. Nilitia betri mbili za akiba mfukoni pamoja na funguo za pikipiki. Ghafla paja likaanza kuungua, nikazitoa mbio. Moja ilikuwa ya moto haishikiki. Niliuziwa betri mbovu?
*Msomaji wa Likoni, Mombasa*

Pole sana, ndugu yetu. Betri huenda ilikuwa nzima kabisa. Kilichoiponza ni funguo.

Wengi hudhani betri hii ina hasi chini na chanya juu, basi. Ukweli ni kwamba mwili wote wa chuma ni hasi, kuanzia kitako hadi ukingo wa juu. Kitufe cha chanya kimetenganishwa na ukingo huo kwa nafasi ya milimita chache tu, na kinachoilinda nafasi hiyo ni kiduara cha karatasi au plastiki pamoja na ganda jembamba la nje. Ufunguo au sarafu ikilalia pale palipochubuka, au ikaunganisha ncha za betri mbili zilizolala ubavu kwa ubavu, betri inapiga shoti. Betri yenye nguvu ina ukinzani wa ndani wa takriban miliomu 20, yaani omu 0.02. Gawanya volti 4.2 za betri iliyojaa kwa kiasi hicho, unapata zaidi ya ampea 200. Hata nusu yake inatosha kuufanya ufunguo uwe kaa la moto. Betri ikishapata joto la kutosha, kemikali za ndani huanza kuzalisha joto zenyewe, na hapo kuondoa ufunguo hakusaidii tena.

Betri ya simu ina saketi ndogo inayokata umeme mambo yakiharibika. Betri za vepu zinazouzwa mojamoja kwa kawaida hazina, kwa sababu koili, ule waya unaopasha moto maji ya vepu, huvuta umeme mwingi kuliko saketi hizo zinavyoruhusu. Kinachobaki kukulinda ni ganda la betri na kasha unalobebea. Shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia zimamoto lilikusanya taarifa za vyombo vya habari za kati ya 2009 na 2016, likapata matukio 195 ya vepu kuwaka au kulipuka, na watu 133 waliojeruhiwa. Zaidi ya nusu ya matukio hayo yalitokea kifaa au betri ikiwa mfukoni au ikitumika.

Kwa hiyo nunua kasha la plastiki la betri mbili, lenye kifuniko kinachofunga kwa kubana na chumba cha kila betri. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya betri. Usitumie kopo la chuma wala mfuko laini wa nailoni. Ukikwama bila kasha, funika ncha zote mbili za kila betri kwa tepu ya umeme. Ile iliyopata moto usiitumie tena, hata kama mita inaonyesha volti nzuri, maana utando unaotenganisha chanya na hasi ndani yake huenda umeshaharibika na hakuna namna ya kuukagua. Nyingine itazame vizuri kwenye mwanga, hasa ukingo wa juu.

Ganda la betri yangu limechanika kidogo juu. Nibandike selotepu?
*Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam*

Hapana. Selotepu hulegea kwa joto, na unene wake unaweza kuifanya betri ikwame ndani ya kifaa. Tafuta maganda ya plastiki ya kubana kwa joto ya saizi ya 18650, na viduara vya juu. Kata ganda la zamani kwa ukucha au kitu cha plastiki, usitumie wembe. Kiduara kikiwa kimelika, weka kipya kwanza. Hiki ndicho watu wanachosahau. Ingiza betri kwenye ganda jipya, acha milimita mbili hivi zizidi kila upande, kisha pitisha hewa ya mashine ya kukaushia nywele ukizungusha betri, kuanzia juu. Sekunde chache zinatosha. Usitumie kiberiti wala jiko. Kama chuma chenyewe kimebonyea, usihangaike na ganda. Betri hiyo imekwisha.

Kariakoo nimeona 18650 imeandikwa 9,900 mAh, na pembeni yake nyingine ya 3,000 mAh inauzwa kwa bei mara tatu. Kwa nini yenye uwezo mdogo iwe ghali?
*Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam*

Kwa sababu ile ya 9,900 ni uongo mtupu. Umbo la 18650 halijawahi kubeba kiasi hicho. Betri bora za kawaida huishia karibu 3,500. Zile za maelfu tisa ukizipima kwa chaja yenye kipimo, mara nyingi hazifiki hata 1,500. Mizani ya jikoni pia inasaidia: betri halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 48, na ikiwa nyepesi sana kuliko hapo irudishe.

Ila kwa vepu, kipimo cha kuangalia kwanza ni ampea inazoweza kutoa mfululizo. Samsung 25R ina 2,500 mAh na ampea 20. Samsung 30Q ina 3,000 mAh na ampea 15. Ona jinsi uwezo ukipanda ampea zinavyoshuka; kiwanda hakiwezi kukupa vyote viwili katika kopo moja. Betri iliyochomolewa kwenye kompyuta mpakato ya zamani inaweza kuwa na uwezo mzuri, lakini imeundwa kutoa ampea chache tu. Kwenye tochi ndogo itafaa, kwenye vepu itachemka.

Hesabu yake si ngumu. Kama kifaa hakina saketi yoyote, yaani kitufe kinaunganisha betri na koili moja kwa moja, gawanya 4.2 kwa omu za koili. Koili ya omu 0.5 inavuta ampea 8.4. Ya 0.25 inavuta 16.8, na hapo 30Q imeshapitwa. Ya 0.15 inavuta 28, kupita hata 25R. Kama kifaa kina kioo na unapanga wati, hesabu hubadilika: gawanya wati kwa 3.2 (volti za betri inayokaribia kwisha), kisha kwa 0.9 (maana sehemu ya umeme hupotea ndani ya kifaa). Wati 60 kwa betri moja ni karibu ampea 21. Kwa betri mbili, kila moja inabeba takriban nusu. Utaona kwamba betri huteseka zaidi inapokaribia kwisha, kwa sababu volti zikishuka kifaa huvuta ampea nyingi zaidi kufikia wati zile zile.

Vile vifaa visivyo na saketi hatumshauri mtu yeyote anayeanza avitumie. Kitufe kikikwama, hakuna cha kukizuia.

Jambo moja zaidi unalostahili kulijua kabla hujatoa pesa: watengenezaji wakubwa huziuza betri hizi kwa viwanda vinavyozifunga kwenye pakiti zenye ulinzi, na wamesema wazi kwamba hawakuzikusudia kuuzwa mojamoja kwa mvutaji. Kwa hiyo ile inayofika dukani ikiwa peke yake imepita mikono mingi. Nunua kwa muuzaji anayekubali uipime mbele yake.

Nachaji vepu yangu ya betri mbili kwa chaja ya simu ya wati 65 nikiwa nimelala. Rafiki ananiambia wati hizo zitailipua, ninunue chaja ya nje. Ni kweli?
*Msomaji wa Umoja, Nairobi*

Kuhusu wati, rafiki yako amekosea. Chaja haisukumi umeme kwa nguvu. Kifaa ndicho huvuta kinachohitaji, kwa kawaida volti 5 na ampea 1 au 2. Kuhusu chaja ya nje na kulala, msikilize.

Betri mbili zinazotumika pamoja ndani ya kifaa huanza kutofautiana kidogo kidogo. Saketi ya chaji ya kifaa cha bei rahisi haizisawazishi vizuri, moja ikajaa kupita kiasi nyingine ikabaki nyuma. Chaja nzuri ya nje huihudumia kila betri kivyake. Chagua yenye kioo kinachoonyesha volti. Ipange kwenye ampea 1. Betri ya 2,500 hadi 3,000 mAh itajaa kwa saa tatu au zaidi kidogo. Ampea 2 huokoa muda lakini huichosha betri mapema. Betri iliyozeeka ipe 0.5.

Kabla ya kutia, hakikisha chanya imeelekea palipoandikwa alama ya kujumlisha. Weka chaja juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na pazia, godoro na kochi, tena muda ambao uko macho. Betri ikiwa vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuishika kwa raha, chomoa chaja ukutani kwanza, halafu iache ipoe hapo hapo. Ikishajaa itoe, pima kwa mita: unatarajia 4.15 hadi 4.20. Ukisoma 4.25 au zaidi, chaja hiyo haifai, itupe. Ipime tena asubuhi; ikiwa imeshuka chini ya 4.1 bila kutumika, inavuja kwa ndani na imefikia mwisho.

Betri mbili za kifaa kimoja zinunue siku moja, aina moja, ziandike herufi kwa kalamu ya wino usiofutika, zichaji pamoja na zitumie pamoja, ukizibadilishana nafasi kila mara. Usichanganye mpya na kuukuu. Na iliyoshuka chini ya volti 2.5 usijaribu kuifufua kama baadhi ya mafundi wanavyofanya. Ikishuka sana, shaba iliyomo huyeyuka, na ukiichaji shaba hiyo huganda mahali pasipotakiwa na kuunda njia ya shoti ndani kwa ndani.

Kama kifaa chako kina tundu la aina ya C na hakichaji kabisa kwa waya wa C kwa C, hakijafa. Vifaa rahisi hukosa vikinza viwili vidogo vinavyokitambulisha kifaa kwa chaja. Tumia waya wenye kichwa kile kipana cha zamani upande mmoja.

Ninaishi Leicester, Desemba nasafiri kwenda Zanzibar. Vepu na betri niweke begi lipi?
*Msomaji wa Uingereza*

La mkononi, vyote. Sheria za usafiri wa anga zinakataza vepu na betri za akiba kwenye mizigo inayopakiwa chini, kwa kuwa moto ukitokea huko hakuna wa kuuona mapema. Kila betri ya akiba iwe kwenye kasha. Kifaa kizime, na kama betri zinatoka, zitoe. Ndani ya ndege hupaswi kuvuta wala kukichaji. Kikomo cha wati-saa 100 hakikusumbui: zidisha volti 3.6 kwa ampea-saa 3.0 (yaani 3,000 mAh), betri moja ina 10.8 tu. Penye hatari ni mlangoni mwa ndege. Wakikuambia begi lako dogo linapelekwa chini kwa sababu viti vimejaa, toa vepu, betri na pawabenki kwanza.

Ukipanga kupitia Uganda, jua kwamba sheria yao ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki. Soma sheria za kila nchi utakayoshuka.

Nimeacha tochi na betri za akiba ndani ya gari mchana kutwa, hapa Muscat. Bado ni salama?
*Msomaji wa Oman*

Kikomo cha betri nyingi ni nyuzi 60 zikitumika na 45 zikichajiwa. Dashibodi kwenye jua la kiangazi huko hupita 60. Ziache zipoe kivulini, kagua ganda na uvimbe, pima volti, na usizichaji kabla hazijarudi kwenye joto la chumba. Unazohifadhi muda mrefu ziache karibu na volti 3.7, wala si zikiwa zimejaa.

Na huku Minneapolis kwenye baridi?
*Msomaji wa Marekani*

Kutumia inaruhusiwa, ila itaisha haraka. Usichaji betri iliyo chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi: lithiamu hujikusanya juu ya upande wa hasi kama chuma badala ya kuingia ndani, na madhara hayo hayarudi nyuma. Ingiza ndani, subiri saa moja, futa unyevu, ndipo uchaji.

Wanangu, nimekuta hiki kitu cha kijana wangu chini ya mto, kimechomekwa kwenye chaja na kimevimba ubavu. Nikifanyeje?
*Mama wa Sakina, Arusha*

Shikamoo, mama. Zima swichi ya ukutani kwanza, kisha chomoa waya. Usikibonyeze, usikitoboe, wala usimruhusu kijana akifungue. Kama ni baridi na hakitoi sauti, kibebe kwa koleo au kitambaa kinene, kiweke nje ndani ya chungu au ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, mbali na ukuta wa mbao na nguo.

Ukisikia kinatoa sauti ya ‘sss’ au harufu tamu ya dawa, usikishike. Toa watu chumbani, fungua milango, kaa upande unakotoka upepo. Moshi wake ni sumu na unachoma macho na mapafu. Kama kimeshawaka na moto bado ni mdogo, maji mengi yanafaa: kazi yake ni kupoza ili joto lisienee. Endelea kumwagia hata miali ikizimika, kwa maana huweza kuwaka upya.

Usikitupe kwenye shimo la taka linalochomwa moto. Betri za mojamoja zifungwe ncha kwa tepu kabla ya kupelekwa kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Nairobi kuna WEEE Centre, na Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera. Chako kilichovimba usipande nacho kwenye basi. Kiache mchangani, uwaulize kwanza wakusanyaji wa hapo mjini jinsi wanavyokichukua. Na ile chupa ndogo ya maji ya vepu, kama ipo, ifungie juu mbali na wajukuu. Mara nyingi ina nikotini, na mtoto mdogo akiinywa hata kidogo, mwahishe hospitali mkiwa na chupa yenyewe.